Mvua Imeanza na Mikayi Hayupo Nyumbani

Maswali ya wasomaji, yakijibiwa na mwalimu mstaafu wa Kiswahili na historia, Kisumu

SWALI: Salamu sana Mwalimu. Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, nakaa Pipeline, lakini kwetu ni Seme. Marehemu baba aliacha wake wawili, na mama yangu ndiye nyachira. Mwezi wa pili mama mkubwa, mikayi, alienda Mombasa kwa binti yake kutibiwa macho na hajarudi. Mvua imenyesha siku nane mfululizo. Shamba la mama limelimwa kwa plau, mbegu na mbolea nimetuma, lakini hataki kupanda. Kila nikimpigia simu ananiambia golo kodhi haijafanyika. Kaka yetu wa nyumba ya kwanza naye anasema tungoje. Nataka kumtuma kijana apande usiku, jambo liishe. Je, hizi si imani za kale tu zinazotuletea njaa? (Fundi, Pipeline, Nakuru)

JIBU: Mwanangu fundi, siku barua yako iliponifikia nilikupigia simu nikakuomba jambo moja tu: usimtume mtu kupanda usiku. Nilikuahidi kwamba sababu nitazieleza hapa kwa nafasi.

Kwa msomaji asiye Mjaluo, golo kodhi maana yake ni kutoa mbegu. Katika dala, yaani boma, lenye wake kadhaa, mikayi ambaye ni mke wa kwanza ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini msimu unapofunguka. Nyachira, mke wa pili, humfuata. Kisha reru, wa tatu. Kisha wana na wake zao kwa mpangilio huo huo. Mavuno nayo yana zamu. Anayeruka zamu amevunja kwer, mwiko, na huaminika kwamba chira itamwandama: maradhi ya kukonda, watoto wasiokua, nyumba isiyotulia.

Nilikuwa darasa la tano mwaka 1968. Baba yangu alitoka nyumba ya tatu, alikuwa amesoma, na alikuwa na haraka. Alileta mbegu ya mahindi mapya ya Kitale, yale ambayo wakati huo kila mtu aliyasifu, akayapanda wiki mbili kabla nyumba ya kwanza haijatoa mbegu. Yaliota vizuri ajabu. Yalipofika kwenye vifundo vya miguu, tuliamka asubuhi moja tukakuta ng'ombe wa kijiji wamepita humo. Hakikubaki kitu cha kuonyesha mgeni. Baba akaenda kwa wazee kudai fidia. Wakamsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja akamuuliza kwa upole, "Nani alikuambia mashamba yamefungwa?" Jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilipomwona baba yangu akilia.

Ilinichukua miaka mingi kulielewa swali la yule mzee. Baada ya mavuno, mashamba yetu yalikuwa malisho ya wote. Mabua yako yalikuwa chakula cha ng'ombe wangu, na samadi ya ng'ombe wangu ilibaki kwako. Hapakuwa na ua wala seng'enge. Sasa ardhi hiyo hiyo inageuka lini kutoka malisho ya wote kuwa shamba la mtu? Lazima pawe na siku, na siku hiyo lazima ijulikane na kila mchungaji, hata mtoto asiyejua kusoma kalenda. Mbegu ya mikayi ndiyo iliyokuwa kengele. Ikishaanguka ardhini, ng'ombe wanafungwa, na ng'ombe atakayeingia shambani mwenyewe analipa. Baba alipanda kabla kengele haijalia.

Kuna faida nyingine ambayo bibi shamba yeyote atakuthibitishia. Mtama uliopandwa kwa kuchelewa hushambuliwa zaidi na yule inzi anayetaga mayai kwenye mmea mchanga, kwa sababu inzi wamekwisha kuzaana katika mashamba ya waliotangulia. Kwelea nao, mtama wa kijiji kizima ukiiva wakati mmoja, hasara yao hugawanyika kwa watu wote. Shamba moja likiiva peke yake huliwa lote. Kwa hiyo kupanda kwa pamoja kuna maana, hata kama anayepanda anamwogopa chira na hajawahi kumfikiria inzi.

Jambo hili si la Wajaluo peke yetu. Katika kisiwa cha Bali, Indonesia, wakulima wa mpunga hupeana maji ya mito kwa kufuata mahekalu ya maji, na zamu za kupanda na kupumzisha mashamba huenda pamoja na ibada. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahimiza walime mfululizo bila kungoja zamu, wakitumia mbegu mpya na dawa. Wadudu waharibifu wakafumuka, na maji yakawa ya kugombaniwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Stephen Lansing, alichunguza mpango ule wa mahekalu na baadaye, akishirikiana na James Kremer, akaujaribu kwa kompyuta. Walionyesha kwamba kupumzisha mashamba kwa pamoja kulikuwa kunawanyima wadudu chakula, na kwamba kuratibu zamu kwa kufuata mahekalu kulileta mavuno mazuri. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka baba, nikafunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Hata hivyo nisiposimulia upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Shangazi yangu alifiwa na mumewe mwaka 1994. Alikataa kurithiwa. Shemeji zake wakasema basi hakuna wa kumfungulia msimu, na asipofunguliwa hawezi kupanda. Alikaa na mbegu yake kwenye kibuyu hadi mwisho wa Aprili, huku wenzake wanapalilia. Mwaka ule alivuna debe mbili. Ana watoto watano, debe mbili. Mwiko ule ule uliowafunga ng'ombe ulimfunga mjane, na waliofaidika ni wanaume waliokuwa wakilitazama shamba lake kwa jicho la tamaa. Nilimpelekea mahindi kwa basi kila mwezi hadi msimu uliofuata, na hasira ya wakati ule bado ninayo.

Ndiyo maana sipendi swali la kama ni imani za kale. Yule shemeji angesema ni mila, wewe unasema ni ujinga, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyeuliza mwiko huu leo unalinda nini na ni nani anayeulipia. Tuuangalie hapo kwenu. Umeniambia mashamba yana ua, na ng'ombe ni wanne tu, wote wa kufungwa kwa kamba. Basi ile kazi ya kengele imepungua sana. Na masika haya hayakungoji. Mahindi yanayochelewa wiki mbili baada ya mvua kushika hayarudi kuwa sawa na yaliyowahi. Hapo uko sahihi, na mama yako anaumia.

Lakini kuna kitu kingine ambacho mwiko huu bado unakilinda, na barua yako imekipita mbio. Mama yako mkubwa ni mgonjwa, yuko mbali, haoni vizuri, na mumewe amekufa. Kitu pekee kinachomwambia kwamba yeye bado ni mikayi wa boma lile ni kwamba boma linamngoja. Mbegu ikipandwa usiku, atakaporudi atakuta amezikwa akiwa hai. Mama yako anajua hivyo, kwa kuwa ameishi naye maisha yote. Sidhani anaogopa chira peke yake.

Nilichokushauri kwenye simu ni hiki: usimpigie mama yako tena, mpigie mama mkubwa. Usimwambie mvua inaharibika. Mjulie hali ya macho kwanza, kisha muulize angependa msimu ufunguliwe vipi akiwa huko aliko. Nimeziona nyumba zaidi ya moja huku Seme na Asembo ambako mikayi aliye hospitalini au aliyehamia mjini alitoa neno lake kwa simu, na mjukuu aliyelala nyumbani kwake akatia mstari wa kwanza katika shamba lake kabla ya wengine kuanza. Kuna familia nyingine ambazo hukutana, mchungaji akaombea mbegu zote kwenye beseni moja, kisha mikayi akachota wa kwanza. Mila ilitengenezwa na watu waliokaa chini wakakubaliana, na bado watu wanakaa chini.

Juzi umenijulisha kwamba mama mkubwa alilia kwenye simu, akasema watoto waende nyumbani kwake wachukue mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko, yaanze hayo kabla ya mbegu ya dukani. Mama yako alipanda siku iliyofuata. Kaka yako bado amenuna kwa sababu hakushauriwa. Mpigie na yeye, leo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni katibu wa kamati ya maji hapa Bunyore, Vihiga. Chemchemi yetu inahudumia nyumba kama arobaini na tunataka kuijengea kwa saruji na bomba. Mwenyekiti anataka tuukate mkuyu mkubwa ulio juu yake, tuuze mkaa, tupande mikaratusi ya kuuza nguzo ili kamati ipate hela. Wazee wamekataa katakata. Mchungaji wetu anasema mti huo ni wa mapepo na ukatwe. Pia akina mama wazee hawataki mtu achote maji kwa sufuria yenye masizi, wanasema chemchemi itahama, na vijana wanawacheka. Mimi ni Mkristo na nimesoma. Nisimame wapi? (Katibu, Vihiga)

JIBU: Dada katibu, simama chini ya mkuyu.

Nianze na mikaratusi kwa kuwa hapo hakuna mjadala mrefu. Mkaratusi hunywa maji kwa pupa, na serikali yetu yenyewe iliwahi kuagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Kuipanda juu ya chemchemi ili kupata hela za chemchemi ni kumchinja ng'ombe wa maziwa ili ununue maziwa. Mwambie mwenyekiti hivyo kwenye kikao, na uyaandike maneno hayo kwenye kumbukumbu.

Sasa sufuria. Watu wa kale hawakuwa na darubini ya kuona vijidudu. Walichoweza kukiona ni masizi. Sufuria iliyotoka jikoni ikizamishwa kwenye chemchemi huacha doa jeusi juu ya maji, na kila aliyepo pale analiona na anajua ni la nani. Ukiweka sheria ya kwamba "msiyachafue maji", utahitaji askari na mahakama. Ukiweka sheria ya masizi, kila bibi anayekuja kuchota ni askari. Na sufuria ya jikoni ndiyo hiyo hiyo yenye mafuta na mabaki ya chakula. Sisemi kwamba bibi zako walijua habari za kipindupindu. Ninasema walichagua alama inayoonekana wakaikabidhi kwa hofu ya kuhamwa na chemchemi, na kwa njia hiyo maji yenu yamewafikia ninyi yakiwa safi.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyosomwa dunia nzima akidai kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa sababu kila mfugaji ataongeza ng'ombe wake hadi nyasi ziishe. Serikali nyingi zilimwamini, zikachukua misitu na maji mikononi mwa wanavijiji. Kisha Elinor Ostrom, naye wa Marekani, akawageukia wanavijiji wenyewe, akakusanya habari za malisho ya milimani Uswisi, mifereji ya Uhispania na Ufilipino, misitu ya vijiji vya Japani. Akakuta wengi wametunza mali ya pamoja kwa mamia ya miaka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Aliyoyakuta ni haya: wenye haki ya kutumia wanajulikana, sheria zimetungwa na wanaozitumia, wanalindana wenyewe, adhabu huanza ndogo na kukua kwa anayerudia, na ugomvi una mahali pa kwenda upesi bila gharama. Hebu liangalie boma la wazee wako na akina mama wale wa sufuria. Hayo yote wanayo, isipokuwa hayajaandikwa.

Na ninyi watu wa Bunyore mna mfano ambao wengine tunauonea wivu. Ukoo wa Nganyi, waleta mvua, umehifadhi vichaka vyake vitakatifu wakati miti ya jirani imeisha. Wazee wao husoma msimu kwa kuangalia miti gani imepukutisha majani na gani imechanua, vyura wanavyolia, siafu wanavyotembea. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekaa nao meza moja, wataalamu na utabiri wao, wazee na utabiri wao, wakatoa neno moja kwa wakulima. Utabiri wa wazee unategemea miti. Lau miti ile ingekatwa kwa sababu ya mapepo, wasingekuwa na kitu cha kusoma.

Kuhusu mchungaji, usimbishie mimbarini. Mualike chemchemini mwezi wa Januari, jua linapowaka na visima vya jirani vimekauka, umchotee maji, mkae naye kwenye kivuli. Mkuyu huota mahali maji yalipo karibu, na mizizi yake imeshika ule ukingo wa udongo ambao fundi wenu wa saruji atauhitaji. Mwombe auombee mti. Nimemwona mchungaji mmoja akifanya hivyo na waumini wake walifurahi.

Kisha kaa na wale mabibi, na daftari mkononi, uwaulize miiko yote ya pale: nani asifue nguo wapi, mifugo inywee wapi, nani husafisha na lini. Uiingize kwenye katiba ya kamati kwa maneno yao wenyewe, kila mmoja na faini yake ndogo. Bomba likishawekwa, masizi hayatagusa tena maji, hivyo mwiko ule utakosa kazi, na vijana watadhani na mingine yote imekwisha. Hapo ndipo chemchemi nyingi zilizojengewa huanza kufa: saruji inabaki, walinzi wanaondoka.

SWALI: Mwalimu wa zamani alitufundisha kwamba hadithi ya Kit Mikayi, lile jiwe kubwa la Seme, ni kisasili, wa sasa anasema ni mghani, na rafiki yangu anasema ni usuli. Jibu sahihi ni lipi kwenye mtihani? (Mwanafunzi, kidato cha tatu, Kisumu)

JIBU: Mjukuu wangu, kwenye mtihani andika usuli, yaani hadithi ya kueleza chanzo cha kitu, ukiulizwa asili ya jina, na utoe sababu. Mzee Ngeso alilipenda jiwe lile akawa anashinda pangoni kutwa, mkewe akimpelekea chakula huko. Akiulizwa mume yuko wapi, anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndipo likaitwa jiwe la mke wa kwanza. Mghani ni wa shujaa, kama Luanda Magere wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki ulimpata kwenye kivuli.

Lakini nimezaliwa mahali ambapo jiwe lile linaonekana kutoka mlangoni, na sitaki uishie hapo. Ukienda, waelekezi watakuonyesha kwamba mwamba mkubwa wa katikati ni nyumba ya mikayi, wa kulia ni wa nyachira, wa kushoto ni wa reru. Ni ramani ya boma. Bronisław Malinowski, aliyemfundisha Jomo Kenyatta huko London miaka ya 1930, alisema kisasili ni kama hati inayoupa utaratibu wa jamii uhalali wake. Fundi wa Nakuru uliyemsoma hapo juu anagombana na hati hiyo hiyo, iliyoandikwa kwa mawe. Kwa hiyo yule mwalimu wako wa zamani naye hakukosea, kutegemea hadithi inasimuliwa kwa nani na ili ifanye nini.

Mwaka 2019 UNESCO iliziingiza ibada na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaozijua wamezeeka na wanaokuja ni wachache. Likizo ya Aprili panda matatu ya Bondo, ni kama kilomita thelathini tu kutoka mjini. Usiende kupiga picha peke yake. Watafute akina mama wanaoimba sigweya, uwaombe wakusimulie habari za Ngeso, kila mmoja kwa wakati wake, na hadithi zao zitatofautiana. Andika zote bila kuzisawazisha, na mbele ya kila moja uandike jina la aliyekusimulia, ukoo alikozaliwa, boma alikoolewa na siku mliyokaa pamoja. Kisha niletee hilo daftari nilisome.